Kitabu Alichotusomea Mwalimu Tabitha

Mwalimu Tabitha tulimzika Lagangabilili, kwenye kiwanja alichojenga baada ya kustaafu. Watu walikuwa wengi hata maturubai hayakutosha, na wengine walikaa nje juani wakiwa wamejifunika khanga kichwani. Aliyesoma historia ya marehemu alitaja shule alizofundisha, akataja ugonjwa, akataja kwamba hakuacha mtoto. Kisha akakunja karatasi yake akakaa. Kuhusu kitabu hakusema kitu. Kuhusu Bibi Mboje hakusema kitu. Sikumlaumu, maana asingejua. Lakini mama mmoja pale mkekani alinipasia kitabu chake cha nyimbo, cha zamani, kilichokaa miaka sandukuni, na nilipokifungua ile harufu ya ukungu na karatasi iliyowahi kulowa ikanipanda puani. Nikashindwa kuimba. Nilikuwa nimerudi darasa la tano, Bariadi, Ijumaa mchana, na Mwalimu Tabitha amekaa ukingoni mwa meza na miguu yake haifiki chini.

Mliokua miaka ile mnaikumbuka. Tulitoka kwenye maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu, tukaamka siku moja mambo yote ni ruksa. Sabuni zikaja za kila rangi. Mitumba ikaja, ikamwagwa chini sokoni kama mavuno, na mama zetu wakainama wakichagua. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao na mizani yao, na baba yangu, aliyekuwa mkulima tu kama wengine, akapata kazi kwa mmoja wao ya kusimamia upakiaji wa marobota. Video nayo ikaja: jenereta moja, televisheni moja, na kibanda cha mabati nyuma ya soko kilichozibwa matundu kwa magunia.

Na kanisani likaja sanduku la vitabu kutoka nchi za watu. Vilikuwa vya Kiingereza vyote, vimelowa njiani vikakaushwa juani. Vikagawiwa shuleni kwetu. Mwalimu Tabitha alikuwa ndiye anayekijua Kiingereza kuliko wenzake, kwa hiyo alivipekua yeye. Alichukua kimoja, cha jalada la kijivu, akaanza kutusomea kipindi cha mwisho cha Ijumaa, wakati ambao kwa ratiba tulitakiwa kufanya kazi za mikono.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, asiye na mume, na alipanda baiskeli ya mwanaume yenye bomba katikati bila kujali nani anamtazama. Usomaji wake ulikuwa hivi: anausoma ukurasa kimoyomoyo, midomo ikichezacheza, sisi sabini na kitu tumekaa kimya kwenye madawati tuliyobanana wanne wanne. Halafu anakilaza kitabu pajani na kutusimulia kwa Kiswahili. Pale Kiswahili kilipomgomea aliingiza Kisukuma, na hapo ndipo tulipoelewa zaidi.

Kilikuwa kitabu cha mama mmoja aliyezeeka, anakumbuka alipokuwa na umri kama wetu. Alikuwa Myahudi. Baba yake alikuwa fundi wa saa katika mji mdogo. Vita ikaja, wanajeshi wa Kijerumani wakaja, na watu waliokuwa wakileta saa zao kutengenezwa wakaanza kupita mlangoni bila kusalimia.

Sasa mimi Wayahudi niliwajua. Walikuwa kwenye Biblia. Niliwajua kwa majina, niliwajua na mifugo yao. Kwa hiyo sikupata shida kuelewa kwamba wanateswa. Nilisubiri tu wakombolewe. Ijumaa ya pili nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, Musa atafika lini?"

Hakuna aliyecheka. Nadhani darasa zima lilikuwa linamsubiri.

Mwalimu Tabitha alikifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Minza, hii si ya Biblia. Hii ni ya juzi. Babu yako mzaa baba alikuwa kijana wakati huo. Si ndiye aliyekwenda vita akarudi na koti? Vita ndiyo hiyo hiyo."

Nilikaa chini nikiwa nimechanganyikiwa. Koti la babu nilikuwa nimelishika kwa mikono yangu. Lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari nyumbani kwa baba mdogo, vifungo vyake vya shaba vikiwa vyote isipokuwa kimoja. Sikuwahi kufikiri kwamba Wayahudi na koti lile vilikuwa duniani wakati mmoja.

Ijumaa moja alisoma hadi pale mama wa yule msichana anapokaa usiku na sindano, anashona nyota za kitambaa cha njano kwenye makoti ya watoto wake, moja moja, upande wa moyo. Anashona kwa makini, mshono mdogo mdogo, ili nyota zisikunjamane. Kengele ikalia. Mwalimu akasema tutaendelea wiki ijayo, tukatawanyika.

Basi wiki nzima nilitembea na nyota hizo kichwani. Mama anayewapenda watoto wake anawashonea nyota. Shuleni viranja walikuwa na kitambaa chekundu mkononi. Nikajua nyota ni heshima kubwa kuliko hiyo. Nikapata kipande cha kitambaa cha njano kwenye mabaki ya mitumba ya mama, nikakikata kwa wembe. Na mtu niliyemtakia heshima hiyo alikuwa mmoja.

Bibi Mboje alikuwa jirani yetu, mjane, mji wake na wetu umetenganishwa na uzio wa minyaa tu. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Nilimchotea maji, naye akanipa michembe ya viazi vitamu aliyoikausha mwenyewe, mitamu hata nikilala bado naisikia mdomoni. Alipika kwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe kama wote tusio na kuni, na nyumba yake haikuwa na dirisha, kwa hiyo moshi wote aliula yeye. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nilipomfahamu, yanatoka machozi, na aliyafuta kwa ncha ya khanga huku akizungumza. Mimi niliyaona ni macho yake tu, kama mtu mwingine anavyokuwa na mguu mfupi.

Nilimshonea ile nyota kwenye shuka lake la kujitanda. Alifurahi. "Wabeja, ng'wana wane," akasema, ahsante mwanangu, akaigusagusa kwa vidole kwa kuwa hakuiona vizuri. Akajitanda, akaenda nayo sokoni.

Mwalimu Tabitha alikutana naye njiani. Nilikuwa nyuma ya bibi nimebeba kikapu, natembea kwa maringo ya kazi yangu. Mwalimu alishuka kwenye baiskeli, akailaza chini pale pale, haikusimamishwa wala nini.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama, akapiga goti kidogo. Halafu kwangu: "Nani kashona hii?"

"Mimi, mwalimu."

Nilisubiri sifa. Yeye aliinama akaanza kukata nyuzi kwa meno, moja baada ya nyingine, huku akimwambia bibi kwa Kisukuma kwamba mtoto ameshona vibaya, atarekebisha. Nyota ilipotoka aliifumbata mkononi. Kisha akanivuta pembeni.

"Ile haikuwa pambo, Minza. Mama yule alilazimishwa kuishona. Ilikuwa ni alama, ili mtu akipita barabarani kila mmoja ajue huyu ndiye wa kufukuzwa, huyu ndiye wa kupigwa."

"Lakini alishona vizuri," nikasema, nikianza kulia.

"Alishona vizuri kwa sababu wangekaguliwa. Na kwa sababu ni watoto wake." Akamtazama bibi aliyekuwa amesimama anafuta macho, kisha akasema kwa sauti ndogo, kama hasemi na mimi: "Na huyu tayari anayo yake."

Sikumwelewa. Nilikuwa mtoto, na maneno yale niliyaweka tu.

Kitabu kiliendelea. Fundi wa saa alichukuliwa. Msichana akapelekwa kwa mama mmoja mfugaji nje ya mji, mwanamke ambaye hakuwa wa kabila lake wala dini yake, akafichwa chini ya sakafu ya zizi. Hapo darasa letu liliamka. Ng'ombe tulikuwa tunawajua.

"Alikuwa na ng'ombe wangapi, mwalimu?" aliuliza mmoja wa wavulana wa nyuma.

"Saba."

"Saba tu! Maskini."

Lakini ng'ombe hao saba walimpa yule mtoto joto kwa pumzi zao majira mawili ya baridi, na tulimpenda yule mama mfugaji kama tunavyompenda mtu wa kwetu. Wanajeshi walipomwuliza kama kuna mtu zizini, alijibu kwamba kuna ng'ombe anayetaka kuzaa, na wanaume waliovaa viatu safi wasiingie. Tulipiga meza kwa furaha.

Kisha ikaja ile video. Mwenye kibanda alikuwa ameleta kanda kutoka Mwanza, ngumi na mateke, na katikati yake ikawemo moja isiyo na jalada, picha nyeusi na nyeupe. Watu wakapiga kelele aitoe. Alikuwa anataka kurekodia kitu kingine juu yake pale Mwalimu Tabitha aliposikia inahusu nini, akaenda kumwomba aionyeshe Jumapili moja mchana kwa ajili ya wanafunzi na wazazi watakaotaka. Yeye angesimama kando ya televisheni na kutafsiri.

Baba alinipeleka. Alikuwa amevaa kofia yake ya Jumapili. Tulikaa kwenye mbao, joto la mabati likitushukia utosini, jenereta ikinguruma nje hadi Mwalimu akalazimika kupaza sauti. Picha ilikuwa ya mshona nguo na jirani yake wa mlango wa pili. Wamekaa jirani tangu wazazi wao. Watoto wao wanacheza pamoja. Halafu siku moja wanajeshi wanafika kwenye jengo, hawajui mlango ni upi, na jirani anatoka na kuonyesha kwa kidole. Haongei. Ananyoosha kidole tu.

Kibanda kizima kililia "Aaah!" Na baba yangu akasimama. Mtu mpole, asiyezoea kusema mbele za watu. Akasema kwa sauti: "Huyu ni mtu wa namna gani? Unamchongea jirani yako? Mtu mliyekula naye?"

Watu wakamwunga mkono. Mimi nilimshika mkono nikajiona mtoto wa mtu mkubwa.

Mwisho wa picha kulikuwa na treni. Mabehewa ya kubebea mifugo, milango ya mbao inasukumwa na kufungwa kwa nje, mikono ya watu inatokea kwenye upenyo mdogo juu. Mshona nguo na watoto wake walikuwa ndani. Treni ikaondoka, na Mwalimu Tabitha aliacha kutafsiri kwa sababu hakukuwa na maneno.

Wiki chache baadaye mdogo wangu Ngassa, aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea, akaugua. Homa ilimpanda, akashikwa degedege, macho yakageuka. Mama alimbeba mgongoni akakimbia naye hospitali, akalazwa huko naye. Wiki hiyo hiyo ndama wetu wawili wakafa. Siku ya pili akaja baba mdogo kutoka kijijini.

Nilikuwa ndani ya stoo ya pamba. Tuliyoivuna ilikuwa imejaa hadi karibu na paa, na mimi nilipenda kujilaza juu yake saa za mchana, kwenye ule ulaini na ile harufu yake ya mafuta. Wao walikaa nje, kivulini, migongo yao kwenye ukuta wa stoo. Nilisikia kila neno.

"Mganga hatajagi jina," baba mdogo alisema. "Amesema mwanamke, mjane, jirani, macho mekundu, mlango wake unatazama jua linakotoka. Wewe unamjua mwingine?"

Nilisikia baba akikwaruza ardhi kwa kijiti.

"Kuna vijana wanaofanya kazi hiyo," baba mdogo akaendelea. "Si wa huku. Wewe hutakiwi kufanya chochote. Ukisikia kelele, usitoke tu."

"Mtoto yuko hospitali," baba alisema.

"Hospitali watamtibu mwili. Na huyu akibaki hapa, atamaliza aliyebaki."

Kisha nikasikia sauti ya baba yangu, ndogo, kavu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla: "Usiniambie siku. Sitaki kujua ni siku gani."

Hapo, juu ya pamba, nilielewa Mwalimu alimaanisha nini aliposema bibi tayari anayo yake. Alama ilikuwa usoni pake, yale macho mekundu ambayo watu walisema ni ya mchawi. Hakuna aliyeishona na hakuna ambaye angeweza kuikata kwa meno.

Nilisubiri waingie ndani, nikatoka kwa upande wa nyuma, nikakimbia hadi nyumba za walimu. Mwalimu Tabitha alikuwa anafua.

"Mwalimu, wanakuja kumchukua Bibi Mboje."

Aliacha nguo kwenye maji. "Akina nani?"

Neno lile lilikuwa gumu kuliko yote niliyowahi kuyatamka. "Baba amekubali," nikasema.

Hakuniuliza mara ya pili. Alifuta mikono, akachukua baiskeli, akanipandisha mbele kwenye bomba. Bibi Mboje tulimkuta anapepeta mtama. Mwalimu alimweleza kwa Kisukuma, polepole, bila kumtaja baba. Bibi hakushangaa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisikiliza kama mtu anayeambiwa jambo alilolisubiri miaka mingi.

"Sasa kuku wangu?" aliuliza tu.

"Tunaondoka naye."

Tukatoka hivyo, mchana kweupe, bibi kwenye karia ya baiskeli na kuku mapajani, Mwalimu akiisukuma, mimi nyuma na kibuyu chake. Kila aliyetusalimu Mwalimu alimjibu kwamba anampeleka bibi kutazamwa macho.

Alimweka kwenye chumba chake cha kuhifadhia mahindi. Mimi nilijua mambo hayo yanavyokwenda: msichana wa kitabuni alifichwa majira mawili ya baridi. Kwa hiyo nikajipangia. Nilihesabu kwamba bibi atatoka nikiwa darasa la saba. Nikaamua nitamletea nusu ya chakula changu kila siku kwenye mfuko wa daftari, na siku ya kwanza nilimletea ugali uliokauka na mboga ya nsansa iliyolowanisha daftari langu la hesabu. Alikula wote, mbele yangu, hadi chembe ya mwisho.

Siku ya pili alasiri, baba akaja.

Nilimwona kwenye upenyo wa mlango anakuja na kofia yake kichwani, peke yake. Nilijibana nyuma ya magunia na bibi. Mwalimu Tabitha alitoka kumpokea, akasimama mlangoni na hakumkaribisha.

"Mwalimu," baba alisema, "nasikia mama Mboje yuko kwako."

"Yupo."

"Haya ni mambo yetu ya ukoo. Wewe hapa ni mgeni."

"Ni kweli, baba Minza, mimi ni mgeni. Umetoka hospitali?"

"Bado."

"Mimi nimetoka huko asubuhi hii. Ilikuwa malaria, imempanda kichwani. Wamemtundikia dripu za kwinini. Leo amefungua macho akamwita mama yake."

Nilisikia viatu vya baba vikisogea mchangani.

"Baba Minza," Mwalimu alisema, na sasa sauti yake ilishuka, haikuwa ya ukali. "Jumapili ile kwenye video ulisimama. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa naona watu hawaelewi, nawe ukasimama ukauliza, huyu ni mtu wa namna gani. Sitasahau. Nilisema moyoni, kumbe tunao watu."

Nje nilimsikia kuku akiparura. Bibi Mboje alinishika mkono. Halafu mimi nikafanya jambo ambalo hadi leo sijui lilitoka wapi: nikatoka nyuma ya magunia nikasimama karibu na Mwalimu.

Baba alinitazama. "Minza. Ni wewe uliyesema?"

"Ndiyo, baba."

Nilisubiri kofi. Yeye alitafuta pa kukaa, akaona kigoda cha kufulia, akakaa. Akavua kofia akaiweka gotini. Alikaa hivyo, ananyoosha ukingo wake kwa vidole, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Hatimaye alisema bila kuinua macho:

"Ijumaa asubuhi kuna lori la marobota linakwenda Malampaka. Mwambie mama Mboje nafasi ya mbele kwa dereva ni yake."

Bibi alikuwa na binti yake Mwanza. Ijumaa ile baba alimpandisha yeye mwenyewe, akamshika kiwiko kama anavyoshikwa mama mkwe. Mwalimu na mimi tulipanda juu ya marobota, yamefungwa kamba, na Maswa yote tuliiona kutoka huko juu. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ndefu na niliifurahia, Mungu anisamehe, hadi tulipofika stesheni.

Nilikuwa sijawahi kuona treni isipokuwa ile ya kwenye video. Na kwenye reli ya pembeni pale Malampaka yalikuwa yamesimama mabehewa ya mifugo. Ya mbao. Milango ya kusukuma. Ndani ng'ombe walikuwa wanalia, na pua zao zilitokea kwenye upenyo.

Nilimshika bibi khanga kwa mikono miwili. "Usipande! Bibi, usipande! Hawarudi!"

Watu waligeuka. Wengine walicheka, wakidhani ni mtoto anayelilia safari. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Nilifikiri baba ametudanganya. Nilifikiri lori, na nafasi ya mbele, na kile kiwiko, vyote vilikuwa ni njia tu ya kumfikisha hapa.

Mwalimu Tabitha hakucheka wala hakunikemea. Treni ya abiria ya kutoka Tabora ilipoingia, akamwomba mhudumu dakika chache, akanibeba, mtoto mkubwa wa darasa la tano, akanipandisha ndani ya daraja la tatu. Akanishusha katikati ya njia.

"Tazama dirisha. Lishushe. Lipandishe. Umeona?"

Nikalishusha. Nikalipandisha.

"Njoo mlangoni. Fungua wewe. Huu unafunguliwa kutoka ndani. Rudia."

Nikafungua na kufunga mara tatu. Mama mmoja anayenyonyesha alinitazama kwa mshangao. Mzee mwingine alikuwa anakula samaki na ametandaza miba kwenye gazeti.

"Waulize wanakwenda wapi."

Niliwauliza, kwa sauti iliyokwaruza. Mama alisema anakwenda kwa dada yake aliyejifungua. Mzee alisema anarudi nyumbani.

"Hii ni treni ya watu wanaojua wanakokwenda," Mwalimu alisema. "Na Bibi Mboje anajua anakokwenda. Tumlete?"

Tukamleta. Alikaa dirishani na kuku wake, na treni ilipoondoka alitoa mkono wote nje hadi begani, akaupunga. Alikuwa hatuoni, najua sasa. Alipunga tu upande tuliokuwa.

Vijana wale walikuja. Mlango wa bibi ulikutwa umevunjwa asubuhi moja, na ndani hamna mtu. Ngassa alipona, leo ni mwanaume mwenye kitambi, na hajui hata nusu ya haya. Bibi Mboje aliishi Mwanza miaka mingi kwa binti yake, akafa kitandani, amezeeka vizuri. Kila mavuno baba alimpelekea gunia la mpunga kwa lori la pamba, na hakuwahi kunieleza kwa nini, wala mimi sikumwuliza. Habari ya kifo chake ilipofika, baba alifunga safari akaenda kuzika. Aliporudi alikaa uani hadi jua likazama. Nilimpelekea maji ya kunawa, akanishika kichwa. Hilo ndilo neno lake kwangu juu ya jambo lile, na linanitosha. Mtu aliyeacha njia mbaya akiwa ameshaanza kuikanyaga, mimi namshukuru pia.

Mwaka wake wa mwisho nilikwenda kumwona Mwalimu Tabitha. Alikuwa mdogo kitandani kama mtoto, lakini maneno yalikuwa yale yale. Nilimwuliza jambo nililolibeba muda wote.

"Mwalimu, kwa nini ulitusomea kitabu kile? Tulikuwa watoto."

Alicheka. "Vingine vyote vilikuwa vya kuoka keki." Kisha akaacha kucheka, akatazama ukutani. "Shule yangu ya kwanza, kabla sijaletwa Bariadi. Alikuja mama mmoja mzee jioni, akaniomba alale kwangu siku moja. Hakusema kwa nini na mimi nilijua kwa nini. Nilikuwa na chumba kimoja, nilikuwa mgeni, nikaogopa majirani watasemaje. Nikamwambia, mayu, njoo kesho. Kesho hakuwepo."

Nilimpangusa mkono tu.

"Nilipofika kwenye kile kitabu, pale yule mama mwenye ng'ombe anafungua mlango, hata hajauliza swali, nilishindwa kuendelea wiki nzima. Nikasema nitawasomea watoto. Labda mmoja atasikia."

"Nilisikia, mwalimu. Nimekuja kukwambia wabeja. Sijawahi kukwambia."

"Wewe?" Aligeuza kichwa kwenye mto akanitazama sawasawa. "Mimi ndiye wa kusema wabeja, Minza. Mlango wangu ulikuwa umeshabishiwa hodi mara moja nikaufunga. Hakuna anayebishiwa mara ya pili. Mimi nilibishiwa, na aliyebisha alikuwa wewe."

Akaomba maji. Nikamshikia kikombe akanywa.